Shujaa mgeni astahili sanamu?

Wadau, mjadala wa sanamu haujaisha na hautaisha leo. Huku kwetu Migori na Homa Bay, jina la mwanajeshi yeyote likitajwa, swali la kwanza ni: "Kwani huyo ni wa kwetu?" Mimi naona swali hilo linatupoteza. Cheki Dar es Salaam.

Mwaka 1909 Wajerumani walimsimamishia sanamu pale Hermann von Wissmann, aliyeongoza jeshi lililozima upinzani wa Abushiri pwani. Abushiri alinyongwa Pangani, Desemba 1889. Wissmann amesimama juu, chini yake askari Mwafrika anamtazama kwa kuinua macho. Na wengi wa askari wake nao walikuwa wageni pale, Wasudani na watu wa Msumbiji. Kwa hivyo shida haikuwa alizaliwa wapi. Ni kazi aliyokuja kufanya, na nani aliamua ainuliwe.

Waingereza walipoiteka Dar 1916 waliing'oa. Ikaishia Hamburg, chuoni, na 1968 wanafunzi wakaiangusha kwa mara ya mwisho. (Comrades, heshima zenu.)

Waingereza wakaleta yao: Dar ikapata Askari mmoja 1927, Nairobi ikapata watatu. Kati ya hao watatu kuna mpagazi, na hapo ndipo sisi tunaingia.

Vita vilifika mlangoni kwetu Septemba 1914, Wajerumani walipovuka mpaka wakaingia Kisii. Baadaye wanaume wa Nyanza walichukuliwa kwa maelfu, wengi kwa lazima, kubeba mizigo ya jeshi hadi ndani kabisa ya Tanganyika. Magonjwa na njaa viliwamaliza kuliko risasi. Majina ya Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar yanatokana na kikosi chao. Lakini soma maandishi yote pale chini ya sanamu ya Nairobi: hakuna jina la mpagazi hata mmoja. Jenerali mgeni anaandikwa, aliyembebea risasi anabaki "mpagazi".

Kaunti ikileta pendekezo la sanamu, Katiba inatupa nafasi ya kutoa maoni kabla pesa hazijapita. Mimi nitaomba ukuta wa majina ya wapagazi wa South Nyanza. Wazee bado wanayakumbuka kwenye koo zao.

Kuna mtu wa ukoo wenu alienda Kariokor? Weka jina lake na kijiji hapa chini.