MAHINDI TELE, WATOTO WADUMAVU: TULE NINI?



 Ndugu wasomaji, wazazi na wanafunzi, mkoa wetu wa Ruvuma ni miongoni mwa mikoa inayolisha nchi. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula (NFRA) una kanda yake Songea, na hununua mahindi ya wakulima wetu kwa ajili ya akiba ya taifa.

Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionesha kuwa katika kila watoto 100 wa Ruvuma walio chini ya miaka mitano, karibu 36 wamedumaa. Maana yake ni wafupi kuliko umri wao unavyotaka, kwa sababu hawakupata lishe ya kutosha kwa muda mrefu. Kwa nchi nzima walikuwa 30 katika 100. Kwa majirani zetu wa Njombe walikuwa 50, na Iringa 57. Mikoa yote hii ni ya mahindi. Sasa tujiulize, ikiwa ghala limejaa, udumavu unatoka wapi?

KUSHIBA NI KITU KIMOJA, LISHE NI KINGINE

Ugali unatupa wanga, nao wanga ni nguvu ya kulima na kutembea. Lakini mtoto anayekua anahitaji pia protini ya kujenga mwili, madini ya chuma ya kutengeneza damu, zinki ya kukua, na vitamini A ya macho na kinga ya maradhi. Mahindi peke yake hayatoshi kutoa vitu hivi. Mtoto anayepewa uji mtupu asubuhi na jioni ataacha kulia njaa, lakini mwili wake utabaki nyuma. Kuhara, malaria na minyoo vikiongezeka, hata kile kidogo alichokula hakimfai.

Wataalamu wa lishe wanasisitiza siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba inapotungwa hadi mtoto anapotimiza miaka miwili. Huo ndio wakati ubongo unapokua kwa kasi. Ukipita, udumavu ni vigumu sana kuurekebisha. Mtoto aliyedumaa anaweza kuwa mzito wa kushika masomo, ya shule na ya madrasa pia. Tusiharakishe kumwita mvivu, huenda alikosa haki yake kabla hajajua kusema.

MAKUNDI SITA YA CHAKULA

Wataalamu wa lishe hapa nchini wanatufundisha kuchanganya makundi sita:

1. Nafaka, mizizi na ndizi za kupika: mahindi, mchele, muhogo, viazi.
2. Jamii ya kunde, karanga na mbegu: maharage, mbaazi, kunde, njugu mawe, ufuta, korosho.
3. Vyakula vya wanyama: mayai, maziwa, nyama, kuku, samaki, dagaa.
4. Mboga: mchicha, matembele, kisamvu, majani ya maboga, mlenda.
5. Matunda: maembe, mapapai, ndizi mbivu, mapera, machungwa.
6. Mafuta, kwa kiasi kidogo.

Tazameni orodha hiyo, ndugu zangu. Vingi tunavilima wenyewe. Tatizo ni kwamba tunauza vyote na kubaki na mahindi. Mwaka 2017 India ilipozuia mbaazi nyingi kuingia nchini mwake, bei ilianguka vibaya kwa wakulima wetu. Mbaazi ile ile isiyokuwa na bei sokoni ilikuwa na thamani kubwa ndani ya chungu. Kuuza si kosa, maana ada na matibabu vinataka fedha. Lakini kabla ya kupima magunia ya kuuza, tutoe kwanza fungu la watoto.

MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI

(a) Mtoto mchanga anyonye maziwa ya mama tu kwa miezi sita, bila maji wala uji. Kisha aanze chakula laini huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili. Qur'an Tukufu nayo imetaja miaka miwili kamili katika Suratul Baqara, aya ya 233.

(b) Uji wa mtoto uwe mzito, utiwe karanga zilizosagwa, maziwa, yai au dagaa waliosagwa.

(c) Tupende dona. Mahindi yakikobolewa kuwa sembe, kiini na pumba huondoka pamoja na vitamini na madini mengi. Lakini mahindi yakaushwe vizuri na yenye ukungu yatupwe. Sumukuvu haiondoki kwa kupika, nayo iliua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016.

(d) Kisamvu kitwangwe na kuchemshwa hadi kiive kabisa, kwani kibichi kina sumu. Mboga nyingine zisipikwe mpaka zikapondeka.

(e) Chai isinywewe pamoja na chakula, kwa sababu inazuia mwili kupata madini ya chuma. Ingojewe kama saa moja. Chungwa au embe baada ya maharage husaidia.

(f) Chumvi iwe yenye madini joto, na kwa mtu mzima isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku nzima.

(g) Mama mjamzito na anayenyonyesha aongezewe chakula na apunguziwe kazi nzito. Mwezi wa Ramadhani akihofia afya yake au ya mtoto, sheria imempa ruhusa ya kutofunga.

KWENU WANAFUNZI

Fedha ya pipi na soda inaweza kununua ndizi mbivu au karanga. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula. Na mnapokula sinia moja na wadogo zenu, wasipewe mchuzi tu huku vipande vikiishia kwa wakubwa.

Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa anayelazimika kulijaza tumbo aligawe: theluthi ya chakula, theluthi ya kinywaji na theluthi ya pumzi. Na katika Suratul A'raf, aya ya 31, tumeamrishwa kula na kunywa bila ya israfu. Mwili ni amana, na watoto ni amana kubwa zaidi. Kila baba na mama hapa Namasakata atazame sahani ya mtoto wake leo jioni na ahesabu kuna makundi mangapi. Likiwa moja, kesho aongeze la pili.

Wabillahi tawfiq.