Flashi moja, kompyuta nzima: namna mifumo midogo inavyorudisha kazini mashine za zamani

Tarehe 14 Oktoba 2025, kampuni ya Marekani Microsoft ilikomesha msaada wa kawaida kwa Windows 10. Mfumo unaochukua nafasi yake, Windows 11, unadai RAM ya giga 4, nafasi ya giga 64 kwenye diski na kifaa cha usalama kinachoitwa TPM 2.0. Kompyuta nyingi za zamani hazina kifaa hicho. Kioo ni kizima, klavie ni nzima, betri labda inashika bado, lakini mlango wa mfumo mpya umefungwa.

Mashariki mwa Congo, ambako wanafunzi, shule na maduka ya fotokopi hutegemea sana mashine za okazio, habari hiyo si ya mbali. Mwenye mashine ya namna hiyo anabaki na njia tatu: kuendelea na mfumo usiopokea tena masahihisho ya usalama, kutafuta pesa za mashine ingine, ao kuchagua mfumo mwepesi.

Njia ya tatu ina historia ya zaidi ya miaka 20. Katika inchi mbalimbali, kuna watengenezaji programu waliojipa kazi moja: kujenga mfumo wa uendeshaji, yaani programu kubwa inayoamsha kompyuta na kuongoza zingine zote, ulio mdogo kiasi cha kuingia katika flashi. Mtu anaubeba mfukoni, anauchomeka kwenye mashine yoyote, na mashine hiyo inaamka na faili zake, lugha yake na mipango yake, bila kugusa diski iliyo ndani.

Mega 50, hata moja zaidi hapana

Kazi hii isingewezekana bila Linux, kiini cha mfumo kilichoanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Finland. Linux ni huru: kila mtu ana haki ya kuifungua, kuipunguza, kuibadilisha na kuigawa tena.

Mwaka 2000, Mjerumani Klaus Knopper alitoa Knoppix, mfumo ulioamka moja kwa moja kutoka kwenye CD. Kwa kukandamiza programu, aliweza kuingiza vitu vya karibu giga 2 katika CD ya mega 700. Watu wengi waliona kwa mara ya kwanza kwamba kompyuta inaweza kufanya kazi bila kusakinishwa kitu chochote kwenye diski yake.

Mwaka 2003, John Andrews alijiwekea mpaka mkali zaidi. Mfumo wake, Damn Small Linux, haukupaswa kupita mega 50, ili uingie katika CD ndogo yenye umbo la kadi ya kazi. Ndani ya mega hizo kulikuwa na madirisha, programu ya kuandika, ya intaneti, ya barua pepe na ya muziki. Mfumo uliweza kuamka hata kwenye mashine ya kizazi cha 486 yenye RAM ya mega 16.

Mmoja wa waliojenga Damn Small Linux pamoja naye, Robert Shingledecker, aliondoka na kuanzisha Tiny Core Linux. Matoleo ya kwanza, pamoja na madirisha yake, yalikuwa ya karibu mega 10 tu. Tiny Core haiji na programu nyingi. Inampa mtumiaji sakafu tupu na safi, naye anaongeza moja moja zile anazohitaji.

Mbwa mdogo wa Australia

Mwaka ule ule wa 2003, nchini Australia, Barry Kauler alitoa Puppy Linux, jina alilolitoa kwa mbwa wake mdogo wa aina ya chihuahua. Lengo lake lilikuwa mfumo mdogo ambao mtu asiye fundi angeweza kuutumia, na ambao ungekimbia vizuri kwenye mashine ambazo wengine wamezichoka.

Siri ya Puppy iko katika RAM, ile memori ya haraka ambamo kompyuta huweka kazi inayofanya sasa hivi. Mifumo mikubwa husoma vitu kwenye diski kila mara, na diski ya zamani inayozunguka ni nzito. Puppy, kwa kuwa ni ndogo, huingia yote katika RAM wakati wa kuamka, kama RAM inatosha. Tokea hapo, kufungua programu ya kuandika ni jambo la sekunde chache hata kwenye mashine ya zamani.

Microsoft nayo ilijaribu wazo la kubeba mfumo. Windows To Go, iliyokuja na Windows 8 kwa ajili ya makampuni, ilidai flashi ya giga 32 kwenda juu. Iliondolewa katika Windows 10 mwaka 2020.

Ndani ya flashi kuna nini

Flashi yenye mfumo wa namna hii ina vitu vinne vikuu. Cha kwanza ni programu ndogo ya kuamshia, ambayo kompyuta huitafuta mara tu inapowashwa. Cha pili ni kiini cha Linux, kinachojua kuongea na kioo, klavie, sauti na Wi-Fi. Cha tatu ni faili moja kubwa iliyokandamizwa, ambamo programu zote zimefungwa pamoja. Cha ine ni pahali pa kuhifadhi kazi ya mtumiaji.

Ile faili kubwa haiandikwi kamwe. Juu yake mfumo unatandika tabaka ingine, na mabadiliko yote yanaandikwa kwenye tabaka hiyo. Ni sawa na kutandika plastiki inayopenya mwanga juu ya ramani: mtu anachora juu ya plastiki, anafuta, anachora tena, na ramani yenyewe inabaki safi. Kwenye Puppy, mtumiaji anapozima kwa mara ya kwanza, mfumo unamuuliza kama anataka kuhifadhi plastiki hiyo ndani ya flashi. Akikataa, mara ingine anaanza upya kama siku ya kwanza.

Muundo huo una faida mbili kubwa. Mtu akiharibu kitu, anaanza tena bila kumlipa fundi. Tena, virusi vilivyotengenezwa kwa Windows, vile vinavyohama kutoka flashi hadi flashi katika maduka ya fotokopi, havifanyi kazi ndani ya Linux. Hata hivyo, flashi hiyo hiyo ikichomekwa kwenye mashine yenye virusi wakati Windows inatembea, inaweza kubeba faili chafu hadi kwa mtu mwingine.

Kupunguza ndiyo kazi yenyewe

Anayejenga mfumo mdogo hatumii muda mwingi kwa kuongeza. Kazi yake kubwa ni kuamua kitu gani kitoke. Katika Puppy, madirisha yanasimamiwa na JWM, programu nyepesi sana. Kwa kuandika kuna AbiWord pahali pa LibreOffice, na kwa mahesabu kuna Gnumeric. Programu ndogo iitwayo BusyBox, iliyozaliwa katika miaka ya 1990 kusudi mfumo uingie katika disketi moja, inakusanya amri nyingi za Linux katika faili moja, na mifumo midogo mingi inaitegemea.

Kisha vinaondolewa vitabu vya maelezo, picha za mapambo na, mara nyingi, lugha. Hapo ndipo msomaji wa Afrika anapaswa kuwa macho. Maandishi ya lugha zisizo Kiingereza ni kati ya vitu vinavyokatwa mapema, kwa sababu mjenzi havihitaji mwenyewe. Wapenzi wa Puppy wanaozungumza Kifaransa walijibu kwa kutengeneza toleo lao, Toutou Linux. Kwa klavie ya AZERTY, ambayo ni ya kawaida nchini Congo, Puppy humuuliza mtumiaji achague mwanzoni. Asipochagua vizuri, herufi A inatoka Q.

Kuna kitu kimoja ambacho wajenzi hawakuweza kukipunguza: kivinjari, yaani programu ya kufungulia intaneti. Kurasa za leo zina video, matangazo na programu ndani yake, na kivinjari cha zamani hakizifungui tena. Vifaa vipya navyo vinadai faili nyingi zaidi za kuviongoza. Matokeo yanaonekana kwa namba. Puppy 4.0 ya mwaka 2008 haikufika mega 100. FossaPup64 ya mwaka 2020, ya ukoo huo huo, ni ya karibu mega 400. John Andrews naye, aliporudisha Damn Small Linux mwaka 2024 baada ya kimya cha miaka mingi, hakurudi kwenye mega 50: mpaka wake mpya ni mega 700, ukubwa wa CD ya kawaida.

Hata hivyo, mega 400 ni kidogo. Faili ya kusakinisha Windows 11 inapita giga 5, na ile ya Ubuntu, mfumo wa Linux unaojulikana sana, inapita pia giga 5 katika matoleo ya karibuni. Kwa mtu anayenunua intaneti kwa mega, tofauti hiyo ni pesa. Na faili ikiisha kushuka mara moja, sheria ya programu huru inaruhusu kuinakili kwenye flashi za darasa zima bila kulipa kitu.

Umeme ukikatika

Kuishi ndani ya RAM kuna upande wake mbaya. RAM husahau yote umeme unapokatika. Puppy inayotumia flashi huandika kazi ya mtumiaji kwenye flashi kila baada ya muda, kwa kawaida dakika 30, kusudi flashi isichoke haraka. Kwenye laptopi yenye betri nzuri hiyo si shida. Kwenye kompyuta ya mezani, katika mtaa wa delestaji, dakika 29 za kazi zinaweza kupotea kwa mara moja. Kwa hiyo, mtumiaji anapaswa kubonyeza alama ya kuhifadhi iliyo kwenye meza ya kioo kila amalizapo ukurasa, ao kupunguza muda huo katika mipango ya mfumo.

Flashi yenyewe inaweza kupotea, kuibiwa ao kufa. Anayeweka humo kazi ya mwisho ya masomo yake bila nakala ingine anacheza kamari. Na kuna kazi ambazo mfumo mdogo hauziwezi: programu ya uhasibu iliyoandikwa kwa Windows haitafunguka, na kwenye RAM ya giga 1, kurasa tatu nzito za intaneti zinatosha kusimamisha mashine.

Nani atalinda kiwanja?

Hatari kubwa zaidi iko kwa watu. Mifumo hii inajengwa na vikundi vidogo vya wanaojitolea, mara ingine na mtu mmoja. Damn Small Linux ilinyamaza baada ya 2008, na waliokuwa wakiitegemea walibaki na programu za zamani. Barry Kauler alipoachia uongozi wa Puppy mwaka 2013, mambo yalikwenda tofauti. Alikuwa amekwisha kuandika Woof, chombo kinachochukua programu zilizo tayari katika mifumo mikubwa kama Debian, Ubuntu na Slackware, na kuzigeuza kuwa Puppy. Wanajumuiya walikichukua chombo hicho na kuendelea. Kwa kuwa njia ya kujenga ilikuwa wazi, mfumo uliendelea hata mwenye kuuanzisha alipopumzika.

Lakini mifumo mikubwa yenyewe inaziacha mashine za zamani. Ubuntu iliacha kutengeneza toleo la mashine za biti 32, na Debian 13, iliyotoka Agosti 2025, haisakinishwi tena kwenye mashine hizo. Kila mmoja wao anapofunga mlango, wajenzi wadogo wanapoteza ghala walimokuwa wakichota.

Barani Afrika, mfano mmoja unaonyesha kwamba kazi hii inaweza kuvuka dawati la fundi. Emmabuntüs, mfumo uliozaliwa nchini Ufaransa kwa ajili ya jumuiya za Emmaüs zinazotengeneza vyombo vilivyotupwa, umetumika nchini Togo kuandaa kompyuta za okazio kwa shule. Si mdogo kama Puppy, lakini wazo ni moja: mashine haifi siku ambayo kampuni imeamua.

Kwa anayetaka kujaribu

Flashi ya giga 4 ao 8 inatosha. Faili ya mfumo ishushwe kutoka kwa watengenezaji wenyewe, kisha iandikwe kwenye flashi kwa programu kama Rufus ao Ventoy. Yote yaliyokuwa ndani ya flashi yatafutika, kwa hiyo yahamishwe kwanza. Wakati wa kuwasha kompyuta, mtu abonyeze F12, F9 ao Esc, kulingana na kampuni iliyotengeneza mashine, halafu achague flashi. Mashine ikikataa, mara nyingi ni ulinzi uitwao Secure Boot unaozuia, na unaweza kuzimwa katika mipango ya kompyuta.

Diski ya ndani haiguswi kama mtumiaji hakuamuru. Ndiyo sababu mafundi wengi hutumia flashi za namna hii kutoa picha na hati katika mashine ambayo Windows yake imekataa kuamka, kabla ya kuamua kama mashine hiyo ni ya kutupwa kweli.