Mtoto Bonge: Kweli au Si Kweli?

Ukiishi Mbagala au Tandale, maneno haya kuhusu mtoto mnene umeshayasikia: mstarini shuleni, dukani kwa Mangi, hata kwenye daladala, konda anapomwambia mtoto wa darasa la nne alipe nauli ya watu wawili na abiria wote wakaangua kicheko. Tuyapime moja moja.

“Ni utani tu, atazoea.”
Si kweli. Hazoei, anajifunza kuficha. Anavaa sweta la shule jua likiwaka, na siku ya mbio tumbo linaanza kumuuma ghafla.

“Ukimcheka atapungua.”
Si kweli. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watoto na vijana 110 kwa miaka kadhaa: waliotaniwa zaidi kuhusu miili yao ndio walioongezeka uzito haraka zaidi. Pengine utani haukuwa sababu pekee, lakini dawa haukuwa.

“Bonge ni mlafi na mvivu.”
Si kweli. Ndugu wawili wanakula sinia moja. Mmoja ananenepa, mwingine habadiliki. Kuna kurithi, kuna chipsi na soda kila kona, na kuna viwanja vya mpira vilivyogeuzwa fremu za maduka. Utafiti wa 2013 katika shule za msingi za Dar es Salaam ulikuta takriban mtoto 1 kati ya 20 ana unene uliopitiliza. Afya ya mtoto ipimwe zahanati, isipimwe kwa macho ya jirani.

“Hadithi nzuri humkondesha shujaa mwishoni.”
Si kweli. Katika riwaya ya Starfish ya Lisa Fipps, iliyotoka 2021, msichana mnene aitwaye Ellie anasakamwa shuleni, na nyumbani mama yake naye hamwachi apumue. Kinachobadilika si mwili wake: anajifunza kujibu. Blubber ya Judy Blume, ya 1974, inakwenda mbali zaidi: msimulizi ni mmoja wa wachekaji, mpaka zamu inapomgeukia.

“Kujikubali ni mambo ya Kizungu.”
Si kweli. Mwimbaji wa taarab Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, alisimangwa kwa sura na asili yake. Akajibu kwa wimbo. Mwaka 1928 sauti yake ikarekodiwa Bombay, na mwandishi Shaaban Robert akamwandikia wasifu.

“Mzaha mzaha hutumbua usaha.”
Kweli tupu. Wahenga waliliona hili kabla ya watafiti.

Basi mwalimu, au wewe mzazi, ukichagua kitabu kuhusu mtoto bonge, anza na kurasa za mwisho. Nani amebadilika? Kama ni kilo za mtoto tu, kirudishe kabatini. Kama mtoto amepata jibu lake, au waliomcheka wamejiona, kisomwe kwa sauti darasani, na wachekaji wakae viti vya mbele.