Merengi: rangi ya dhahabu si dalili ya yai kuiva

Pai ya limau iliyofunikwa kwa povu jeupe la mayai na sukari, kisha ikachomwa juu hadi kugeuka rangi ya dhahabu, ni kitindamlo kilichozoeleka mno nchini Uingereza na Marekani. Povu hilo huitwa merengi. Wapishi wengi wa nyumbani huamini kuwa likishapata rangi limekwisha kuiva. Kwa mujibu wa wataalamu wa usalama wa chakula, imani hiyo haina msingi.

Sababu imo katika povu lenyewe. Ute wa yai unapochapwa hunasa hewa katika viputo vidogo vidogo, na hewa iliyonaswa haipitishi joto kwa wepesi. Ushahidi wake ni kitindamlo kiitwacho Baked Alaska. Aiskrimu hufunikwa kwa merengi na kutiwa katika oveni yenye moto mkali kwa dakika chache. Hutoka ikiwa ya hudhurungi kwa nje, na aiskrimu ndani bado imeganda. Povu linaloikinga aiskrimu na moto ndilo hilo hilo linalowakinga bakteria, iwapo wamo.

Bakteria wanaohofiwa ni salmonella. Aina moja, Salmonella Enteritidis, hukaa katika viungo vya uzazi vya kuku na huweza kuingia ndani ya yai kabla gamba halijafanyika. Yai la namna hiyo huonekana safi, halina harufu, na kuliosha hakusaidii kitu. Anayeambukizwa hupatwa na homa, msokoto wa tumbo na kuharisha, kwa kawaida kuanzia saa 6 hadi siku chache baada ya kula. Wengi hupona katika muda wa wiki moja hivi. Kwa watoto wachanga, wazee na watu wenye kinga dhaifu, hata hivyo, maradhi hayo yaweza kuwa ya hatari, na mara nyingine huua.

Nchini Uingereza suala hili liliwahi kuitikisa serikali. Mwezi Desemba mwaka 1988, naibu waziri wa afya, Edwina Currie, alisema kuwa sehemu kubwa ya mayai yanayozalishwa nchini humo yameathiriwa na salmonella. Mauzo ya mayai yaliporomoka, na katika muda wa wiki mbili akajiuzulu. Muongo mmoja baadaye, mwaka 1998, ulianzishwa mpango wa kuwachanja kuku, na mayai ya wafugaji waliojiunga nao hupigwa muhuri wa simba. Matokeo yake yalikuwa makubwa kiasi kwamba mwaka 2017 shirika la viwango vya chakula lilibadili ushauri wake: mayai yenye muhuri huo yanaweza kuliwa mabichi hata na wajawazito, watoto wachanga na wazee. Ushauri huo hauwahusu wagonjwa wenye kinga dhaifu mno. Wala haumfuati msafiri: anayehama kutoka London kwenda Muscat au Chicago hana sababu ya kudhani kuwa mayai ya huko yamepitia utaratibu ule ule.

Nchini Marekani, wizara ya kilimo inataka vyakula vyenye mayai vifikie joto la nyuzi 71 za Selsiasi. Kwa merengi ya pai yenye ute wa mayai matatu, inashauri oveni ya nyuzi 177 kwa muda wa dakika 15 hivi. Ute ukizidi, tabaka huwa nene na muda hauna budi kuongezwa. Ni vyema pia merengi iwekwe juu ya pai ambayo ujazo wake bado ni wa moto, ili joto lipande kutoka chini. Faida nyingine ni kuwa haitoi maji kwa urahisi.

Iwapo merengi itachomwa juu kwa kichomeo cha gesi tu, ute unapaswa kuivishwa kabla. Bakuli lenye ute na sukari, angalau vijiko viwili vya mezani kwa kila yai, huwekwa juu ya sufuria ya maji yanayochemka polepole na kukorogwa bila kusita hadi kipimajoto kionyeshe nyuzi 71. Sukari ndiyo inayouzuia ute usigande haraka kama yai la kukaanga. Kisha huondolewa motoni na kuchapwa hadi usimame.

Ipo njia ya Kiitaliano, ya kumimina shira ya moto, nzito kuliko ile ya kaimati, juu ya ute uliokwisha kuchapwa. Wengi huiona salama kwa kuwa shira huwa na zaidi ya nyuzi 110. Lakini shira hupoa mara inapokutana na ute baridi na bakuli, na mchanganyiko huenda usifike nyuzi 71. Kipimajoto ndicho cha kuaminiwa. Kwa asiyekuwa nacho, ute uliopasteurishwa, unaouzwa katika pakiti au ukiwa unga, ni njia rahisi zaidi, ingawa huchukua muda mrefu kuumuka.

Kichomeo chenyewe kinahitaji uangalifu. Chombo kiwekwe juu ya sinia la chuma, mbali na karatasi ya kuokea, na mtandio au mikono mipana ya nguo ifungwe nyuma. Sahani ya kioo isielekezewe ndimi za moto wala kuwekwa chini ya moto wa juu wa oveni, kwani huweza kupasuka ghafla.

Pai iliyobaki iingizwe katika jokofu kabla ya saa mbili kupita. Katika joto linalozidi nyuzi 32, kama lile la kiangazi cha Ghuba, kabla ya saa moja.