Gita Linapokoroma

Pale Kombani, njia ya kupanda Kwale inapoiacha barabara kuu ya Likoni kwenda Lunga Lunga, mara moja moja utamkuta kijana amejitwika gita mgongoni akingoja matatu ya Ukunda. Hoteli za Diani bado zinapenda muziki wa jioni. Jumamosi ile kijana mwenyewe nilikuwa mimi, na gita langu lilikuwa linakoroma.

Usiku uliotangulia nilikuwa nimelitia nyuzi mpya. Za zamani zilikuwa zimeshika kutu, maana hewa ya chumvi ya huku haina huruma na chuma. Nilitarajia sauti safi; nikapata zzz ya nyigu aliyefungiwa kwenye chupa. Nikaapa kwamba nimeuziwa nyuzi mbovu. Mjomba wangu, aliyepiga besi katika bendi za hotelini enzi za Them Mushrooms na Mombasa Roots, hata hakuzigusa. Aliliinua gita, akafumba jicho moja, akaichungulia shingo kwa urefu wake kama seremala anayekagua ubao.

"Shingo imerudi nyuma," akasema. "Umetia nyuzi nyembamba, mwanangu?"

Kweli. Seti ya kumi, niliyoizoea, dukani haikuwapo, nikachukua ya tisa. Nambari hizo ni unene wa uzi wa kwanza, ule mwembamba kuliko wote, kwa kipimo cha elfu za inchi. Elfu moja ya inchi nani ataijali? Gita linaijali. Nyuzi sita za seti ya kumi, zikishakazwa kwenye gita la aina ya Stratocaster ambalo uzi wake una urefu wa milimita 648, huivuta shingo kwa nguvu ya kilo 46 hivi, karibu mfuko mzima wa saruji. Za tisa huvuta kama kilo 38. Na shingo haikai tu ikivutwa: ndani yake mmezikwa ufito wa chuma unaovuta upande wa pili. Ufito wa namna hiyo wenye kurekebishika ulipewa hataza Marekani mwaka 1923, kwa jina la Thaddeus McHugh, fundi wa kampuni ya Gibson. Basi ndani ya karibu kila gita la umeme kuna mchezo wa kuvuta kamba usiokwisha, usiku na mchana, hata likiwa limening'inia ukutani. Mimi nilikuwa nimeipunguzia timu ya nyuzi wachezaji, ufito ukashinda, shingo ikapinda kinyumenyume na vile vyuma vilivyopangwa juu yake vikanyanyuka kuzigusa nyuzi.

Kugusa kwenyewe ni jambo la unywele. Uzi ukipigwa hufura katikati kama kamba ya kuruka inayozungushwa na watoto, na ule mnene wa sita hupiga mawimbi 82 kwa sekunde, ukitaka nafasi kubwa kuliko wenzake. Kwa hiyo shingo iliyonyooka kama rula si lazima iwe shingo nzuri. Inatakiwa ibonyee kidogo. Mjomba alinionyesha: bana uzi wa sita kwenye chuma cha kwanza, ubane tena pale shingo inapoungana na mwili, kisha tazama chini ya uzi karibu na chuma cha saba au cha nane. Pawe na upenyo wa milimita 0.2 hadi 0.3, yaani karatasi mbili tatu za daftari. Kwangu uzi ulikuwa umelala juu ya chuma.

Akaingiza spana ya pembe sita kichwani mwa gita, akaizungusha kushoto robo mzunguko, basi. Ukizungusha kulia unakaza na shingo inanyooka. Kushoto unalegeza na nyuzi zinaivuta mbele. Anayezungusha mzunguko mzima kwa hasira ndiye anayewapa mafundi kazi.

Mkoromo una anwani, na kuisoma anwani hiyo ndiyo nusu ya ufundi. Ukikoroma kwenye vyuma vitano vya mwanzo, ishuku shingo. Ukikoroma huku chini karibu na mwili, vidaraja vinavyozibeba nyuzi mwilini vimeshushwa mno. Ukikoroma mahali pamoja tu, chuma kimoja kimeinuka kuliko jirani zake. Na uzi unaokoroma ukiwa wazi lakini ukinyamaza unapoubana, shida iko kwenye kile kijiti cha mfupa au plastiki kilicho mwanzo wa shingo. Uzi wangu wa tatu ulikuwa na ugonjwa huo wa mwisho, na kosa lilikuwa langu: niliuzungusha kwenye kigingi ukipanda juu badala ya kushuka, ukakosa kukikandamiza kijiti. Tuliufungua, tukauzungusha upya kuelekea chini, ukatulia.

Nisiseme kwamba mkoromo ni adui wa kila mtu. Ilimba, kinanda cha vidole cha Wagogo, aliyoipeleka Hukwe Zawose kwenye majukwaa ya dunia, huzibwa tundu kwa utando wa buibui makusudi ili itoe mvumo. Waganda huzilaza nyuzi za kinubi chao, endongo, karibu na ngozi ya kenge kwa nia hiyohiyo. Wapiga udi wetu wa taarabu nao hawaujui ugomvi wa vyuma, kwa kuwa shingo ya udi haina hata kimoja.

Uzi wa sita ulibaki na mkwaruzo mdogo. Nikataka kuongeza robo nyingine. Mjomba akakataa, akachomeka waya kwenye kikuza sauti. Sumaku zilizo chini ya nyuzi, zilizoviringishiwa waya mwembamba wa shaba, hazisikii kama sikio linavyosikia. Zinafuata mwendo wa uzi wa chuma juu yake, na mgongano mdogo wa kule shingoni haukufika kwenye spika. Akapiga, sauti ikatoka safi. Akapandisha kidaraja cha uzi wa sita nusu mzunguko, nadhani ili kuniridhisha tu, akaniambia nilifunge gita: ya Ukunda imefika na konda hana subira.