Kichwa cha Mwandishi

Leo tutazungumza juu ya mwandishi wa Marekani, H. P. Lovecraft. Alizaliwa mwaka 1890 katika mji wa Providence, akafa mwaka 1937.

Alitunga hadithi za kutisha. Aliandika habari za majitu ya kale yasiyomjali binadamu hata kidogo. Alikufa maskini, lakini baadaye watungaji wengi walifuata nyayo zake.

Hata hivyo, alikuwa na chuki. Katika barua na hadithi zake aliwadharau watu weusi, Wayahudi na wageni. Alipokaa New York aliandika hadithi ambayo wageni ndio waovu. Na mkewe mwenyewe alikuwa Myahudi!

Kwa miaka mingi washindi wa zawadi ya World Fantasy walipewa sanamu ya kichwa chake. Mwaka 2011 alishinda Nnedi Okorafor, mwanamke mweusi ambaye wazazi wake walitoka Nigeria. Je, aweke nyumbani kichwa cha mtu aliyewadharau watu wake? Aliandika waziwazi juu ya jambo hilo. Wengine nao walilalamika. Mwaka 2015 ikatangazwa kwamba sanamu hiyo haitatolewa tena. Lakini vitabu havikuchomwa. Vinasomwa hata leo.

Basi, kusoma si kutamka herufi tu. Ni kumwuliza mwandishi pia: "Wewe, mimi waniona nani?"

Maswali:
1. Lovecraft aliwadharau watu gani?
2. Kwa nini sanamu iliondolewa, na vitabu vikabaki?