Wauaji wa Mfululizo: Wamepungua au Wamefichika?

Utangulizi

Miongoni mwa wataalamu wa uhalifu nchini Marekani, yapo madai yanayozidi kukubalika kuwa mtu anayeua watu kwa kificho, mmoja baada ya mwingine, haonekani tena kwa wingi kama alivyoonekana katika miaka ya 1970 na 1980. Madai haya huwashangaza wengi, kwa kuwa filamu, vitabu na vipindi vya televisheni kuhusu wauaji wa aina hii vimeongezeka pakubwa katika kipindi hicho hicho ambapo wauaji wenyewe wanasemekana kupungua. Makala haya yanachunguza madai hayo. Yanaanza na suala la istilahi, kwani hesabu yoyote hutegemea kwanza kile kinachohesabiwa, kisha yanaangalia takwimu, sababu zinazotolewa, na watu ambao takwimu hizo huelekea kuwasahau.

Suala la istilahi

Kiswahili bado hakijatulia kuhusu jina la mhalifu huyu. Katika vyombo vya habari vya Kenya husikika "muuaji wa mfululizo", "muuaji wa msururu" na hata "muuaji sugu". Kila moja lina kasoro yake. "Sugu" hutukumbusha ngozi ya kiganja iliyokomaa kwa jembe, nalo huonyesha mazoea na ukaidi wa mtendaji, lakini halisemi lolote kuhusu muda. "Mfululizo" nalo husema jambo lisilo sahihi kabisa. Mvua ikinyesha siku tatu mfululizo, maana yake ni kwamba haikukatika. Muuaji anayezungumziwa hapa hutambulika hasa kwa kule kukatiza: huua, akatulia kwa wiki, miezi au miaka, akarudi kazini, akala na jamaa zake, kisha akaua tena. Kituo hicho cha katikati ndicho kinachomtenga na mtekelezaji wa mauaji ya halaiki, ambaye huua wengi mahali pamoja na kwa wakati mmoja. Pengine "msururu" lingefaa zaidi, kwa kuwa watu walio katika msururu hufuatana huku wakiwa wameachana nafasi. Hata hivyo, "mfululizo" ndilo lililoenea, na ndilo litakalotumika hapa.

Lugha za Ulaya pia zilichelewa kulipata jina. Mnamo mwaka wa 1930 mpelelezi wa Berlin, Ernst Gennat, alitumia neno la Kijerumani lenye maana hiyo alipoandika kuhusu Peter Kürten wa Düsseldorf, ambaye alinyongwa au, kwa usahihi zaidi, alikatwa kichwa mwaka uliofuata. Katika Kiingereza jina hilo lilipata umaarufu katika miaka ya 1970 na 1980, na mara nyingi sifa hupewa Robert Ressler wa shirika la upelelezi la FBI. Kuchelewa huku kwa jina kumewafanya baadhi ya watu waamini kuwa tendo lenyewe lilizaliwa pamoja na jina. Sivyo. Mitaa ya Whitechapel jijini London ilishuhudia mauaji ya wanawake wasiopungua watano mwaka wa 1888 mikononi mwa mtu ambaye hadi leo hajulikani. Mapema zaidi, mwaka wa 1589, Peter Stumpp alihukumiwa kifo karibu na Cologne kwa madai ya kuua na kula watu akiwa katika umbo la mbwamwitu. Kukiri kwake kulitokana na mateso, na kwa hiyo hakuna awezaye kuapa kuwa alitenda aliyoyakiri. Jambo hili la kukiri chini ya mateso litarejelewa.

Idadi ya waathiriwa inayotosha kumpa mtu jina hili imebadilika pia. Sheria ya Marekani ya mwaka wa 1998 ilitaja mauaji matatu au zaidi. Katika kongamano lililoandaliwa na FBI mjini San Antonio mwaka wa 2005, wataalamu walikubaliana kuwa mawili yanatosha, mradi yatendwe na mtu yule yule katika matukio tofauti. Ni bayana kuwa fasili ya pili ina mlango mpana zaidi kuliko ya kwanza. Iwapo idadi ya wauaji inashuka hata baada ya mlango kupanuliwa, basi kuna jambo la kuchunguzwa.

Takwimu zinavyosema

Hazina inayotegemewa zaidi ni ile iliyoanzishwa katika Chuo Kikuu cha Radford chini ya uongozi wa Mike Aamodt, na kuendelezwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Florida Gulf Coast. Hazina hii hutumia fasili ya waathiriwa wawili. Kwa mujibu wake, katika miaka ya 1980 walikuwapo Marekani wauaji wa mfululizo wapatao 770. Katika miaka ya 1990 idadi ilikuwa karibu 670. Katika mwongo wa kwanza wa karne hii ilishuka chini ya 400, na kufikia mwisho wa mwaka wa 2016 waliokuwa wamehesabiwa katika mwongo uliokuwa ukiendelea walikuwa wamezidi 100 kidogo tu.

Takwimu hizi zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Muuaji huingizwa katika hesabu baada ya kugunduliwa, na ugunduzi waweza kuchelewa mno. Joseph James DeAngelo aliua watu 13 katika jimbo la California kati ya miaka ya 1975 na 1986, akakamatwa Aprili 2018 akiwa mzee wa miaka 72. Kwa hiyo idadi ya mwongo wowote wa karibuni ni ya muda, na inatarajiwa kuongezeka. Lakini hoja hii haiwezi kuziba pengo lote. Wauaji wa mwongo wa 2000 wamekuwa na muda mrefu wa kugunduliwa, na bado idadi yao ni karibu nusu ya ile ya miaka ya 1980. Aidha, mauaji kwa jumla yalipungua Marekani katika kipindi hicho: mwaka wa 1980 watu wapatao 10 kati ya kila 100,000 waliuawa, ilhali mwaka wa 2014 idadi ilikuwa chini ya watu 5. Wauaji wa mfululizo basi walishuka pamoja na wenzao, na wakashuka kwa kasi zaidi.

Sababu za kupungua

Kisa cha Edmund Kemper kinaeleza mengi kuhusu enzi iliyopita. Mwaka wa 1964, akiwa na miaka 15, aliwaua nyanya yake na babu yake. Alipelekwa katika hospitali ya wahalifu wenye maradhi ya akili, akaachiliwa Desemba 1969. Kati ya 1972 na 1973 aliwaua wanafunzi sita wa kike, kisha mama yake mzazi na rafiki wa mama huyo. Wengi wa wasichana hao walikuwa wamesimama kando ya barabara wakiomba lifti, desturi iliyokuwa ya kawaida kwa vijana wa Marekani wakati huo na ambayo sasa imetoweka takriban kabisa. Katika kisa hiki kimoja mna sababu mbili. Waathiriwa walipatikana kwa urahisi, na muuaji alirudishwa uraiani mapema. Mwaka wa 1970 magereza ya majimbo na ya serikali kuu yalikuwa na wafungwa takriban 200,000, na kufikia 2009 walikuwa wamezidi milioni 1.5. Sera hiyo imelaumiwa, na kwa haki, kwa kuwafunga maelfu ya watu, hasa Weusi na maskini, kwa makosa madogo. Hata hivyo, ni vigumu kukana kuwa miongoni mwa waliofungwa kwa muda mrefu baada ya kosa la kwanza la ubakaji au shambulio walikuwamo ambao wangeendelea hadi kuua.

Sababu nyingine ni mawasiliano baina ya askari. Ted Bundy, aliyeuawa kwa hukumu ya mahakama Januari 1989 baada ya kukiri mauaji 30, alivuka mipaka ya majimbo kuanzia Washington hadi Utah, Colorado na Florida. Kila idara ya polisi ilikuwa na faili yake, na hakuna aliyeziweka faili hizo juu ya meza moja mapema. Ni mwaka wa 1985 tu FBI ilipoanzisha mpango wa kukusanya taarifa za mauaji ya ukatili kutoka kote nchini.

Lililoleta mabadiliko makubwa zaidi, hata hivyo, ni sayansi ya DNA. Alec Jeffreys wa Chuo Kikuu cha Leicester aligundua mbinu ya kumtambua mtu kwa chembechembe hizo mwaka wa 1984. Mwaka wa 1988 Colin Pitchfork alifungwa maisha kwa kuwaua wasichana wawili katika mkoa huo huo wa Leicestershire, huku kijana mwingine aliyekuwa amekiri mojawapo ya mauaji hayo akiondolewa lawama na vipimo hivyo hivyo. Marekani ilifungua hazina yake ya kitaifa ya DNA mwaka wa 1998. Gary Ridgway, aliyewaua wanawake wengi kandokando ya Mto Green karibu na Seattle, alikuwa ameshukiwa tangu miaka ya 1980, lakini alikamatwa Novemba 2001 baada ya mate yaliyohifadhiwa tangu 1987 kupimwa upya. Alikiri mauaji 48 mwaka wa 2003. Athari ya mbinu hii katika takwimu ni rahisi kueleza: anayekamatwa baada ya kuua mara moja hapati nafasi ya kuua mara ya pili, na kwa hiyo haingii kamwe katika fasili. Baadhi ya "waliopungua" wako gerezani kwa mauaji ya mtu mmoja.

Ipo pia nadharia ya risasi, yaani madini yaliyokuwa yakichanganywa katika petroli na kutoka katika viwanda vya kuyeyusha madini, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto. Caroline Fraser, katika kitabu chake Murderland cha mwaka wa 2025, anahusisha wauaji wa kaskazini magharibi mwa Marekani na moshi wa viwanda hivyo. Hoja hii inavutia, ila inaeleza mno. Mamilioni ya watoto walivuta hewa ile ile na hawakumdhuru yeyote.

Wasiohesabiwa

Upande wa pili wa mjadala unawakilishwa na Thomas Hargrove, mwanahabari aliyeanzisha mwaka wa 2015 mradi wa kufuatilia mauaji yasiyotatuliwa. Hoja yake ni kuwa katika miaka ya mwanzo ya 1960 polisi wa Marekani walikuwa wakitatua takriban asilimia 90 ya mauaji, ilhali kufikia mwaka wa 2021 walitatua karibu nusu tu. Nusu iliyobaki haina mwenyewe. Katika rundo hilo, yeyote anaweza kujificha.

Hoja hii inapata nguvu katika maisha ya Samuel Little. Mtu huyu alikiri kuwanyonga watu 93 kati ya 1970 na 2005, na mwaka wa 2019 FBI ilimtaja kuwa muuaji aliyeua wengi zaidi katika kumbukumbu za Marekani. Wengi wa waathiriwa wake walikuwa wanawake Weusi maskini, makahaba na waraibu wa dawa za kulevya. Vifo vya baadhi yao viliandikwa kuwa vilisababishwa na dawa hizo au na ajali, na kwa hiyo havikuwahi hata kuhesabiwa kama mauaji. Mtaalamu Steven Egger aliwaita watu wa aina hii wafu wasiohesabika sana kuwa wafu, kwa kuwa hata walipokuwa hai jamii haikuwatazama. Nchini Kanada, familia za wanawake waliotoweka katika mtaa maskini wa Vancouver zililalamika kwa miaka mingi kabla ya Robert Pickton kukamatwa mwaka wa 2002. Uingereza nako, daktari Harold Shipman aliwaua wagonjwa wake, wengi wao wazee, huku akiwaandikia yeye mwenyewe vyeti vya vifo. Alihukumiwa mwaka wa 2000 kwa vifo 15. Uchunguzi rasmi wa 2002 ulibaini kuwa aliwaua 215. Kabla ya kugunduliwa kwake, takwimu za wauaji katika mji wake zilikuwa safi kabisa.

Isitoshe, kushuka kunakozungumziwa ni kwa Marekani, na haifai kukugeuza kuwa hali ya ulimwengu. Moses Sithole alihukumiwa Afrika Kusini mwaka wa 1997 kwa mauaji 38 aliyoyatenda katika muda wa takriban miaka miwili tu. Nchini Kenya, Masten Wanjala alikamatwa Julai 2021 na polisi wakasema amekiri kuwaua watoto zaidi ya 10. Alitoroka korokoroni Oktoba mwaka huo, akauawa na umati wa watu katika kaunti ya Bungoma kabla ya ushahidi kusikilizwa kikamilifu. Pamoja naye yalizikwa majibu ambayo wazazi wa watoto hao walikuwa wakiyangoja mahakamani.

Julai 2024, miili ya wanawake ikiwa ndani ya magunia ilianza kuopolewa katika timbo lililoachwa na kugeuzwa jaa la taka mtaani Kware, Nairobi, karibu na kituo cha polisi. Mshukiwa alikamatwa siku chache baadaye, na polisi wakatangaza kuwa amekiri kuwaua wanawake 42 tangu mwaka wa 2022. Wakili wake alisema kuwa kukiri huko kulipatikana kwa mateso. Mwezi mmoja baadaye mshukiwa huyo, pamoja na wengine 12, alitoroka kutoka kituo cha polisi. Ikiwa 42 ni idadi ya kweli, basi kwa miaka miwili wanawake hao walikuwa wakitoweka mmoja mmoja bila ya kutoweka kwa yeyote kuhusishwa na kwa mwenziwe. Ikiwa ni ya uongo, basi miili iliyoopolewa ina muuaji au wauaji wengine, na hakuna hazina ya takwimu iliyo na safu ya kuwaandika.